Rigi inakuja, ndama amekufa bondeni: je, tuuze shamba?

“Shikamoo Mhandisi. Natokea Busokelo, mkoani Mbeya, upande wa Mlima Kiejo kuelekea Mto Mbaka. Familia yetu ina migomba, kakao, mahindi na ng’ombe sita. Karibu na nyumbani kuna chemchemi ya maji baridi tunayokunywa, na ukishuka bondeni kuna ya maji moto ambako watu huoga. Wataalamu wa jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi la kufulia umeme, wamekuwa wakija kupima kwa miaka mingi, na sasa kwenye mkutano wa kijiji tumeambiwa utaletwa mtambo mkubwa wa kuchoronga, rigi. Tangu hapo maneno ni mengi. Wapo wanaosema wakitoboa, mlima utalipuka. Wengine wanasema chemchemi zitakauka, na wengine kwamba ule moshi una sumu. Mwezi uliopita tulimkuta ndama wetu amekufa asubuhi kwenye shimo bondeni, hana jeraha, na pembeni kunguru wawili nao wamekufa. Jirani anasema ni gesi iliyofunguliwa na visima vifupi vya majaribio. Baba anataka tuuze shamba kabla halijashuka bei, na dalali ameshafika mara mbili. Mdogo wangu ana diploma ya ufundi mitambo na anaona hapa ndipo atapata kazi. Tufanye nini?”

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa ndama. Nitaanza na yeye, ingawa wewe umemtaja katikati ya barua kama jambo la kupita. Katika yote uliyoandika, hilo shimo ndilo linaloweza kuua mtu wa nyumbani kwenu wiki hii, rigi ije isije.

Kwa maelezo yako, ndama amekosa hewa. Chini ya Kiejo kuna gesi ya kaboni dayoksaidi inayopanda kutoka kwenye miamba ya moto iliyo mbali sana chini, ikifuata nyufa, hasa ule ufa mkubwa wa Mbaka ambao ndio huohuo unaopandisha maji yenu ya moto. Gesi hii haina rangi, na pua haiisikii. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo ikitoka ardhini usiku wa baridi usio na upepo haipandi juu. Inatambaa, inafuata mteremko, inatulia shimoni. Jua likishapanda na upepo ukaanza, inatawanyika, na anayefika saa nne asubuhi anakuta mzoga na hakuna cha kulaumu isipokuwa uchawi au jirani. Kunguru nao walishuka kula wakati gesi haijaondoka.

Katika hewa tunayovuta, kaboni dayoksaidi ni kama asilimia 0.04 tu. Ikifika asilimia 5, mtu anahema mbio na kichwa kinamgonga. Ikivuka 10 anapoteza fahamu ndani ya dakika chache, na ikizidi sana hapo pumzi chache zinatosha kumwangusha. Jambo linalowadanganya watu ni kimo. Gesi inaweza kuishia magotini, basi mtu mzima anakatiza shimo lote akipiga mluzi, lakini ndama aliyelala, mbwa, au mtoto aliyeinama kuokota kitu anazama humo. Wenzetu wa upande wa Goma, Kongo, wanazijua sehemu za namna hii kwa jina la mazuku.

Sasa fanyeni hivi. Zungushieni shimo uzio wa miti na miiba, juu kabisa ukingoni, si ndani. Watoto wasichunge upande ule alfajiri na jioni. Mnyama akianguka tena, mvuteni kwa kamba na ndoana mkiwa juu kwenye upepo. Mtu akianguka, asiruke mwingine kumfuata kwa kubana pumzi. Mwokoaji naye huongezeka kwenye idadi ya maiti. Halafu kuna ile desturi ya kushusha kibatari ili kuona kama kitazimika. Iacheni. Kibatari kuzimika ni dalili kwamba hewa imeshaharibika sana, lakini kuendelea kuwaka si ruhusa ya kuingia, kwa sababu moto huvumilia kiwango ambacho kwa binadamu tayari ni cha kupoteza fahamu. Kipimo cha kweli ni kifaa kidogo cha gesi, na mafundi wa jotoardhi huwa wanavaa vyao kiunoni. Andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa ofisa mazingira wa halmashauri, mkiomba shimo lipimwe usiku au alfajiri. Wakija saa sita mchana watakuta hewa safi, wataandika “hakuna tatizo”, na mtabaki na karatasi ya uongo. Na kama kuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuzimia au kupata kizunguzungu pale, hata kama amepona, aende hospitali na aeleze mahali alipokuwa, maana daktari hawezi kuotea.

Je, ni visima vifupi vya majaribio vilivyoifungulia? Kwa sehemu kubwa jirani yako amekosea. Gesi ya Busokelo ni ya kale. Kuna kiwanda hukohuko kwenu ambacho kwa miaka kimekuwa kikiivuna kutoka ardhini, kuisafisha na kuiuza kwa watengenezaji wa soda. Hakuna aliyeitengeneza, imekutwa inatoka yenyewe. Waulizeni wazee: shimo lile lilikuwa na sifa gani zamani? Wachungaji walikuwa wakilikwepa? Majani yanaota katikati au ni kipara chenye wadudu wakavu? Kama wachungaji walilikwepa na katikati ni kipara, mna tundu la asili. Lakini sitamfuta jirani kabisa. Kisima kifupi kisichozibwa vizuri baada ya majaribio kinaweza kuipa gesi njia mpya, na kama shimo liko mita chache kutoka kwenye kimojawapo, na halikuwa na sifa hizo kabla, hilo ni la kuchunguzwa na liandikwe kwenye barua yenu kwa maneno hayohayo.

Tuje kwenye mlima. Hofu hii nimeikuta kila mahali palipo na mlima wa moto, na haistahili kuchekwa, kwa sababu milima yenu si ya kuchora. Rungwe ililipuka vibaya kama miaka 4,000 iliyopita na kumwaga mawe mepesi yale mnayoyakuta mkichimba misingi. Kiejo ilitoa lava kama miaka mia mbili tu iliyopita, karibu na mwaka 1800. Ila kisima hakina ubavu wa kuuamsha mlima. Juu kinaanza na tundu la nusu mita na ushee, chini kinaishia kama sentimita 20, kwa kina cha kilomita moja hadi tatu. Mwaka 2009, huko Krafla nchini Iceland, walikuwa wakichoronga wakagonga mwamba ulioyeyuka wenyewe, kwenye kina cha kama mita 2,100. Mlima haukulipuka, walipata kisima cha moto usiozoeleka na kazi ngumu ya kukidhibiti. Menengai kwa jirani zetu Kenya nako waliugonga, wakaendelea na shughuli zao. Tukio ambalo wenye hofu wangeweza kulishika ni la mwaka 1977, jirani na hiyo Krafla: lava ilipenya ikatokea kwenye kisima kimoja, tani chache. Lakini mlipuko ulikuwa umeshaanza wenyewe chini, na kisima kilikuwa tundu lililokuwa karibu.

Kinachoweza kulipuka ni kisima, na kwa mahali penu hilo nalichukulia kwa uzito. Fikiria chupa ya soda: ikiwa imefungwa, gesi imetulia ndani ya kinywaji; ukilegeza kizibo, mapovu yanapanda na yanabeba soda nje. Maji ya chini ya Kiejo yamejaa gesi hiyohiyo chini ya mgandamizo. Mtambo ukiyafikia bila matope mazito ya kutosha kwenye kisima, mgandamizo unashuka, mapovu yanakua, na maji yanaruka juu hata yakiwa baridi. Hii inaweza kutokea kwenye kina kifupi, kabla mafundi hawajafunga vali kubwa za kuzuia mlipuko. Kwa hiyo kwenye mkutano ulizeni swali moja la kitaalamu: vali hizo zitafungwa mkifika mita ngapi, na upepo ukielekea kwenye nyumba usiku mtatujulishaje? Msimamizi anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa. Anayekunja uso, mwangalieni vizuri.

Matetemeko nitayapitia haraka. Basel, Uswisi, mwaka 2006 walisukuma maji kwa nguvu kwenye mwamba mkavu ili kuupasua, likatokea tetemeko la kipimo cha 3.4 na mradi ukafa. Pohang, Korea Kusini, mwaka 2017 likaja la zaidi ya 5 na watu wakajeruhiwa. Ile ilikuwa miradi ya kupasua mwamba, na kwenu maji na nyufa vipo tayari. Hata hivyo kurudisha maji ardhini kunaweza kuleta mitetemo midogo, na ninyi mnaishi kwenye Bonde la Ufa ambalo lina matetemeko yake. La Rukwa la mwaka 1910 lilizidi kipimo cha 7. Njia ya kuyatofautisha ni kuwa na vipima mitetemo kabla kazi haijaanza. Dai vipima hivyo, kisha tuendelee, maana maji ndiyo yanayonikosesha usingizi.

Nimezunguka na visima hivi tangu ujana wangu, kwanza upande wa mitambo, baadaye upande wa kudhibiti athari kwa mazingira. Nilihamia huko kwa sababu kila tatizo la mitambo nililoitwa kulitatua liliishia kuwa tatizo la maji: maji yanayotumika kuchoronga, maji yanayotoka kisimani, na maji yanayopaswa kurudi chini lakini hayarudi. Rigi haijawahi kunitisha. Ninachoogopa ni bwawa.

Maana ya bwawa ni hii. Kisima kikimalizika hufunguliwa kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, ili kupima kinatoa kiasi gani. Ni kelele ambayo usipokuwa na mnara wa kuipunguza huwezi kuongea na mtu aliye ubavuni mwako. Mvuke unapanda juu, maji ya chumvi yanabaki. Kisima kikitoa lita 40 za maji kwa sekunde, ndani ya siku moja hizo ni karibu lita milioni tatu na nusu. Maji haya yamepikwa na mwamba kwa muda mrefu, yakachukua silika, kloraidi, floraidi, boroni, na mara nyingi aseniki kidogo. Yanawekwa kwenye bwawa lililotandikwa plastiki nene ili yapoe na baadaye yasukumwe chini. Nimesimama upande wa upepo wa kisima kinachopimwa nikaona majani ya miti yamepakwa unga mweupe wa silika upande mmoja tu, ule unaotazama kisima, kama vile mtu amepita na chokaa. Baada ya siku kadhaa upande huo ukakunjamana na kukauka, wa pili ukabaki kijani. Maharage na maparachichi hayavumilii boroni, na dalili zake huanzia kwenye ncha na kingo za majani yaliyozeeka. Na ng’ombe, unawajua mwenyewe: wakisikia harufu ya magadi wanavuka hata uzio wa seng’enge. Bwawa lisilo na uzio imara katika nchi ya wafugaji ni mtego.

Sasa chemchemi zenu. Mnazo mbili na ni vitu viwili tofauti. Ya maji baridi ni mvua ya Rungwe iliyopenya kwenye majivu na mawe ya juu, ikatokea baada ya safari fupi. Ya maji moto imetoka chini sana kupitia ufa. Kuchoronga kukifanywa sawasawa, ile ya baridi haiguswi: visima hupewa mabomba ya chuma, moja ndani ya jingine, na nafasi iliyopo kati ya bomba na mwamba hujazwa saruji kutoka chini hadi juu, kupita tabaka lote la maji yenu ya kunywa. Saruji ikiwa na mapengo, maji ya chini yanapata ngazi ya kupanda. Kuna kipimo cha kukagua saruji hiyo. Ombeni kwamba matokeo yake yapelekwe kwenye Bodi ya Maji ya Bonde, hata kama ninyi hamtaweza kuyasoma.

Ya maji moto sitakuahidi kitu. Wairakei, New Zealand, walianza kufua umeme mwaka 1958 na kwa miongo mingi hawakurudisha maji ardhini, waliyamwaga mtoni. Mgandamizo ukashuka, chemchemi zilizokuwa zikiruka bonde la karibu zikanyamaza, na sehemu moja ya ardhi ikadidimia kiasi cha mita 15. Huko ndiko fani nzima ilikojifunza kurudisha maji. Mradi unaorudisha maji yote, hasa ule ambao maji ya moto yanapasha kimiminika kingine ndani ya mabomba na kisha yanarudi bila kukutana na hewa, una athari ndogo kuliko karibu kila njia nyingine ya kufua umeme ninayoijua, na nasema hili kama mtu anayetaka jotoardhi lijengwe Mbeya. Lakini hata hapo joto au wingi wa maji ya chemchemi ya kuogea unaweza kubadilika. Anayewaambia hakuna kitakachobadilika anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Kuna pia maji ya kuchorongea. Ardhi ya nyufa hunywa: kisima kikipoteza maji njiani kinaweza kutaka lita elfu mbili kwa dakika, usiku na mchana. Yanatoka mto gani, na kiangazi wakulima wa chini watabaki na nini? Hilo linahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, iliyopo Tukuyu, si mbali na kwenu. Nendeni mkaulize kibali kinasema lita ngapi.

Na hapa ndipo kazi yenu kubwa ilipo, ianze kabla rigi haijafika. Chemchemi ikipungua miaka mitatu ijayo, ninyi mtasema ni mradi, mradi utasema ni ukame, na wote mnaweza kuwa na ukweli, maana Septemba na Oktoba chemchemi hupungua zenyewe, sembuse mliyopanda mikaratusi juu yake. (Ndiyo, naijua hiyo mikaratusi. Ing’oeni.) Bila vipimo vya zamani hakuna hakimu anayeweza kuwasaidia. Basi chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Wekeni bomba fupi au kipande cha bati ili maji yote yapite sehemu moja, ingiza ndoo, hesabu mpaka ijae. Rudia mara tatu, chukua wastani. Ikijaa kwa sekunde 50, chemchemi inatoa lita 24 kwa dakika. Pima joto kwa kipimajoto cha maabara, kikiwa ndani ya maji, usikitoe ukasoma nje. Andika kwenye daftari tarehe, saa, kama mvua ilinyesha wiki hiyo, na aliyepima. Fanya hivyo kila mwezi, chemchemi zote mbili, bila kuruka kiangazi. Kila ukurasa ukijaa, mtendaji agonge muhuri. Daftari la namna hiyo limewahi kunyamazisha chumba kizima cha wataalamu nikiwemo.

Kisha maabara. Chupa safi ya lita moja, isuuze mara tatu kwa maji ya chemchemi yenyewe, ijaze mpaka shingoni bila kuacha hewa, andika jina, tarehe na joto, ipeleke maabara ya ubora wa maji Mbeya mapema uwezavyo. Usiseme tu “wapime kama ni salama”. Taja kwa majina: kloraidi, boroni, floraidi, aseniki, silika. Kloraidi na boroni ndizo zinazotangulia; maji ya chini yakianza kuvuja kwenye maji baridi, hizo mbili zitapanda kabla ladha haijabadilika. Floraidi muitazame hata bila mradi wowote, maana maji mengi ya Bonde la Ufa yanazidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha mwisho kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto ndio wanaopata meno ya kahawia. Gharama changieni kijiji kizima, au bora zaidi mradi uchukue sampuli zake nanyi mkiwepo, chupa ya pili ibaki kwenu. Fundi wao akisita kukupa chupa ya pili, mwombe aandike sababu.

Ule “moshi” kwa sehemu kubwa ni mvuke wa maji. Ndani yake mna gesi, na inayohitaji kuangaliwa ni ile ya harufu ya mayai viza, salfidi ya hidrojeni. Pua inaisikia ikiwa kidogo mno, kwa hiyo harufu peke yake haimaanishi hatari. Kinyume chake ndicho cha kutisha: ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, pua inakufa ganzi kwa dakika chache na mtu anadhani imeondoka. Viwango hivyo vipo kisimani na kwenye mashimo ya vali, penye wafanyakazi, siyo kwenye kibaraza chako. Kwenye nyumba za watu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni wastani wa mikrogramu 150 kwa mita ya ujazo kwa saa 24, na mradi uweke vipimaji upande nyumba zilipo. Kuhusu mazao, Naivasha nchini Kenya kuna shamba la maua lililochukua joto la kisima cha jotoardhi na kaboni dayoksaidi yake likaviingiza kwenye nyumba za waridi ili zikue. Maua hayo yaliuzwa Ulaya.

Mambo haya yote yanapaswa kuwemo kwenye Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka kabla ya kazi kuanza. Mnayo haki ya kuiona. NEMC, taasisi ya serikali inayosimamia mazingira, wana ofisi ya kanda Mbeya. Msihangaike na kurasa mia tatu. Fungueni sehemu ya mpango wa usimamizi na mtafute maneno manne: bwawa, kurudisha maji, gesi, malalamiko. Hilo la nne linatakiwa kuwa na jina la ofisi na muda wa kujibu. Likiwa limeandikwa kwa jumla jumla, simameni mkutanoni mseme hivyo, na mhakikishe imeingia kwenye muhtasari.

Mwambie baba asimuuzie dalali. Sisemi hivyo kwa sababu ardhi hakika itapanda bei. Sijui mpango wa visima ulivyo. Lakini dalali amefika mara mbili, naye hanunui kakao. Eneo la kisima huchukua kama ekari mbili au tatu, na kutoka hapo visima kadhaa vinaweza kupindishwa chini kwa chini, kwa hiyo wengi wenu hamtaguswa ardhi. Mtakaoguswa, fidia ina vipengele vyake kisheria: bei ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, malazi, faida iliyopotea, na riba endapo malipo yatachelewa zaidi ya miezi sita. Migomba na mikakao ihesabiwe mche kwa mche baba akiwepo, na asisaini fomu yenye nafasi tupu. Mwanasheria wa msaada wa kisheria aisome kwanza. Hapo mimi si mtu wa kutegemewa. Piga hesabu ya muda pia. Olkaria, kwenye jotoardhi la Kenya, walichoronga visima vya kwanza miaka ya 1950, umeme ukaja 1981. Siku hizi ni haraka zaidi, lakini miaka kumi kutoka vipimo hadi taa si ajabu, na kakao inataka mbolea kila mwaka kati ya hapo.

Mdogo wako asingoje geti lifunguliwe. Uchorongaji huajiri wengi kwa miezi, kisha rigi inahama. Kituo kikishajengwa kinaendeshwa na watu wachache. Wa Busokelo wengi wataitwa kubeba na kulinda. Mwenye diploma ya mitambo akiongeza cheti cha uchomeleaji wa mabomba ya mgandamizo mkubwa, VETA au kwingineko, anatafutwa na kila mkandarasi, wa jotoardhi na wa viwanda vya chai. Njia ya pili, inayokimbiwa na vijana kwa sababu haina kelele, ni ufundi sanifu wa sampuli: kupima gesi, kuchukua maji, kusoma vipimaji. Kazi hiyo haihami na rigi. Aanze na daftari la chemchemi. Nikiwa kwenye usaili, kijana aliyeniletea miezi kumi na miwili ya vipimo vya mkono wake ningemuuliza maswali machache sana.

Uzio wa shimo uwekwe kabla ya Jumapili. Majibu ya maabara yakitoka, nitumie namba zote, pamoja na tarehe ya kuchota na joto la maji, nami nitakusomea mstari kwa mstari.